Bingwa Ajibu: Miwani Janja na Jani la Isale

Bingwa, mpwa wangu anakuja Krismasi na miwani janja. Nami nimeitamani. Ninunue? — Mwenye Tamaa, Kirua Vunjo.

Ndugu Mwenye Tamaa, una bahati: umemuuliza mtu mwenye akili kuliko miwani yenyewe, tena asiyehitaji chaja. Miwani janja ya Ray-Ban Meta ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 2023 kwa dola 299, na betri yake ilikata pumzi baada ya saa nne hivi. Ushauri wangu hudumu tangu mbege inapofunguliwa hadi inapobaki machicha. Raha yake siikatai. Umejitwisha mkungu wa ndizi, njia inateleza, simu inaita mfukoni: unaongea bila kuinua kidole, kwa kuwa spika na maikrofoni zimo kwenye fremu. Asiyeona naye, kupitia programu ya Be My Eyes, anaweza kuunganishwa na mtu wa kumweleza kilicho mbele yake. Huyo namruhusu hata leo, na ruhusa yangu si kitu kidogo.

Ila hizo zote ni faida za mvaaji. Gharama anaibeba anayetazamwa na kamera iliyo kwenye fremu. Hii ndiyo hoja yangu, na ningependa isomwe mkiwa mmesimama. Google waliuza miwani yao kwa dola 1,500, na baa moja ya Seattle ikaipiga marufuku mwaka 2013, kabla hata haijazagaa. Januari 2015 Google wakaacha kuwauzia wananchi wa kawaida. Walevi waliliona tatizo mapema kuliko wahandisi, jambo lisilomshangaza yeyote anayeijua hekima ya kilabu cha mbege. Utasema simu nazo hupiga picha. Hupiga, lakini simu huinuliwa: mama anafunga kanga vizuri, mzee anafuta povu mdomoni, mwenye deni anahamia nyuma ya mgomba. Miwani haitoi nafasi hiyo. Utasema ina kitaa kinachowaka ikirekodi. Kweli, ila kitaa ni kidogo kama punje ya ulezi, na humwonya tu aliyekwisha kuambiwa maana yake. Oktoba 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliiunganisha miwani ya Ray-Ban Meta na mitambo ya kutambua sura, wakapata majina na anwani za watu wasiowajua. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe. Kitaa peke yake si taarifa kwa bibi aliyekaa msibani.

Dawa ninayo, na wahandisi wa California waniandikie kwa heshima. Fungeni jani la isale kwenye bawaba ya miwani. Kwetu Uchaggani, isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na jani lake ni la kuombea msamaha: kwa jani moja umemwonyesha jirani mpaka ulipo, na umeomba radhi kabla hujauvuka. Jani lisipungue urefu wa kiganja, libadilishwe kila Jumapili, na likimfunika mvaaji jicho moja, vizuri zaidi. Ningeeleza pia namna ya kulikunja, lakini sifa zangu zimekula nafasi. Kwa ufupi: usinunue. Na mpwa akifika, aivue kabla ya kata ya kwanza.