Sifa za Bwana Utegemezi

Wapo wanaosifu wastani, wapo wanaosifu sampuli kubwa. Mimi namsifu Bwana Utegemezi, ile hali ya matokeo kutokuwa huru, yule mdoezi anayeingia bila kadi katika kila uchambuzi unaojumlisha tafiti za watu wengine. Mwenye haraka ya kuchapisha humwona mkosi. Lakini katika shughuli nzima hakuna mkweli kama yeye.

Tazama alivyoutendea haki mkoa wa Katavi, Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, ilhali kitaifa ilikuwa asilimia 27. Data zile zilikuwa zikitolewa kwa watafiti walioziomba, hivyo makala zake ni nyingi: hii inapima elimu ya msichana, ile utajiri wa kaya, nyingine ndoa za mapema. Tuseme mtu anaokota matokeo kumi ya aina hiyo na kuyajumlisha kana kwamba hayajuani. Kosa la makadirio linasinyaa, hali ya Katavi inaonekana imethibitishwa mara kumi, kumbe wasichana ni walewale na dodoso ni lilelile. Hapo Bwana Utegemezi anakohoa. Uhusiano kati ya matokeo hayo ukiwa 0.5, anasema, kumi yenu yana uzito wa matokeo huru 1.8 tu; ukifika 1, mna tokeo moja lililovaa kanzu kumi.

Watamjibu: basi tuchague moja kwa kila chanzo. Nani achague? Atachagua linalompendeza, na mengine yenye habari ya kweli yatupwe. Watafiti Hedges, Tipton na Johnson walionyesha mwaka 2010 namna ya kukadiria kosa hata uhusiano huo usipojulikana, mradi vyanzo huru viwe vingi; vikiwa vichache, njia hiyo nayo huyumba, maana hata tiba humpigia Bwana huyu magoti. Lipo pingamizi zito zaidi: je, hawapi viongozi kisingizio cha kungoja? Hawapi. Hakuipunguza ile 45 hata kidogo. Amekataa tu kuihesabu mara kumi, na utafiti mmoja uliofanywa vizuri unatosha kumwamsha afisa aliyelala. Anayetaka ushahidi wa pili apande basi hadi Inyonga au Karema, hukohuko Katavi, akahoji wasichana ambao hawajahojiwa, alipe nauli, posho na wahojaji. Ni bili hiyo, nadhani, inayofanya achukiwe kuliko hesabu zake.