Pua ya Simba

Jana usiku nilikalishwa kwenye kigoda sebuleni kwa jirani, hapa hapa Kinoru, Meru. Mzee wa mtaa alikaa kushoto, mwenye nyumba, Baba Makena, kulia, na akina mama walisimama mlangoni wamefumbata mikono. Nikatakiwa nieleze kwa kinywa changu nilikuwa nikitazama nini kwa darubini, magharibi ile, upande wa kamba ya nguo za Mama Makena. Nikasema kweli. Nikasema nilikuwa naitazama pua ya mbwa.

“Pua,” mzee wa mtaa akasema.

“Ya Simba, mzee.”

“Na mbona darubini mbili? Pua si moja?”

Hapo ndipo ubaya wote ulipo. Mtu mwenye darubini moja anaweza kusingizia ndege. Mwenye mbili, anayeweka hii na kunyakua ile, kisha anarudia ya kwanza, na macho yake hayaondoki mahali pamoja, huyo hana wakili duniani.

Habari yenyewe ni hii. Shemeji yangu ni mfuata nyayo katika kampuni ya uwindaji huko Tanzania. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini wenzetu wanawinda kwa leseni, na leseni ina masharti. Simba dume asiyefika miaka 6 haruhusiwi kupigwa risasi. Utamwulizaje simba umri? Watafiti waliowachunguza simba wa Serengeti, akiwemo Craig Packer, walipata jibu kwenye pua: mtoto wa simba ana pua ya waridi, na kadiri anavyokua inatokwa na madoa meusi. Nusu ya pua ikishaingia weusi, huyo yuko kwenye miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo kabla mgeni hajagusa bunduki, kuna mtu kalala kifudifudi kwenye nyasi anasoma pua. Huyo mtu ni shemeji. Darubini yake ya zamani ilikuwa imeanza kumwonyesha pua mbili.

Akanitumia pesa za darubini ya bei ya kati. Za barabarani hazifai hata kutazamia saa ya ukutani, na zile za Austria bei yake ni ng'ombe wawili wa gredi. Nikabaki na darubini mbili za kampuni moja, 8x42 na 10x42, moja yake dukani wamenipa kwa masharti ya kurudisha. Ilibidi nichague. Na Kinoru hakuna simba. Kuna Simba, mbwa wa Baba Makena, mwenye pua ya waridi yenye madoa meusi, ambaye kila jioni hulala chini ya kamba ya nguo. Mtu akitaka kulaumu kitu, alaumu pale mbwa anapolala.

Mzee wa mtaa akauliza hizo namba ni za nini. Baba Makena akasema hatukuja kusoma hesabu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaokufikia jichoni. Nikaishika ile ya 8x42 kwa urefu wa mkono, nikaielekeza kwenye balbu, nikamwambia mzee atazame: nyuma ya kila kioo palikuwa na kiduara cheupe. Hicho, mzee, ni milimita 5 na robo. Cha mwenzake ni 4.2. Mchana mboni yako haifiki hata milimita 3, kwa hiyo mwanga wa ziada unamwagika bure na huwezi kuona tofauti. Giza likianza, mboni inafunguka. Ya kijana hufika hata 7. Yako na yangu, kwa umri huu, tushukuru ikifika 5. Saa hiyo ndipo darubini yenye kiduara chembamba inapokunyima. Ndiyo maana sikuweza kupima saa sita mchana. Ndiyo maana ilikuwa magharibi!

Sikuishia hapo. Wajerumani wana kipimo kingine cha machweo: unazidisha namba mbili, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Ya 8x42 inapata 18.3, ya 10x42 inapata 20.5. Kwa kipimo hiki aliyeshindwa mwanzo sasa anashinda! Ukuzaji nao unasaidia gizani, maana doa kubwa lenye mwanga hafifu husomeka kuliko doa dogo linalong'aa. Vipimo viwili, majibu mawili, kwa hiyo hakuna njia ila kuziweka zote mbili jichoni, kwa kupokezana, haraka. Haraka, kwa sababu vijitabu vya darubini huandikwa na watu ambao magharibi yao haina mwisho. Sisi ikweta inakata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu. Jua likizama, ndani ya dakika 20 na kitu kumekwisha. Ndiyo sababu ya kunyakua-nyakua kule walikokuita tabia ya mtu mwenye jambo.

Ningewaeleza na prizimu, kwamba bila hizo Simba angeonekana miguu juu, kwamba Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1854, na kwamba zile darubini nyembamba zilizonyooka zilikuwa na ukungu fulani kwenye picha mpaka kampuni ya Zeiss ilipoleta mpako wa kuuondoa mwaka 1988. Mzee wa mtaa, nawaambia, alikuwa anataka. Alikuwa ameshachukua ile ya 10x42, amefungua dirisha, anatafuta Uwanja wa Kinoru.

“Na nguo?” Baba Makena akauliza.

Kwa uaminifu nikasema nguo nilizitazama pia. Kitu cheupe mbele ya kitu cheusi ndicho kinachofichua kioo duni: pembeni pake panaota mstari wa zambarau. Ile shimizi nyeupe ilitoa zambarau kwenye 10x42, na kwenye 8x42 kidogo sana.

Mama Makena, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akafumbua mikono. “Kwa hiyo nimeanika kamba nzima, na wewe ulichoona ni pua ya mbwa na zambarau?”

Nikatozwa sukari kilo 2 na majani ya chai, na marufuku ya darubini kuanzia alasiri.

Si mara ya kwanza vyombo hivi kunitia aibuni. Kwenye matatu kondakta alidhani mimi ni mpima ardhi, na kabla hatujafika Nkubu watu walishaniuliza bei za ploti. Mpwa wangu aliazima moja kwenda kutazama mpira, ikarudi na macho ya makengeza.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipita huku Meru mwaka 1909 akiwinda ndovu, na katika safari ile yote yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa ndondi, kwa hiyo hata nusu ya darubini ilimwenda bure. Hakuna aliyemkalisha kwenye kigoda. Leo mgeni akiingia Mbuga ya Meru na kofia pana na lenzi ndefu kama mkono, ni mpenda maumbile, anafunguliwa lango. Mwenyeji akiivaa darubini shingoni barabarani, ni jangili, au mpelelezi, au mchungulia nguo. Wanyama ni wetu usiku wanapoingia shambani na tunawafukuza kwa kurunzi na mabati. Kukipambazuka, kuwatazama kwa raha kunakuwa haki ya waliolipa kwa dola. Hili nililisema pale sebuleni, na hakuna aliyejibu, kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Basi, kwa mwenye mfuko wa kati: kwenye uwanda wazi, na ukiwa na kitu cha kuegemeza viwiko, 10x42 itakusomea mbali zaidi. Kwenye kichaka, ukiwa umesimama, mkono ukitetemeka na jua likizama, chukua 8x42. Inaona eneo pana zaidi na mtikisiko wake ni mdogo. Hakikisha imejazwa naitrojeni, la sivyo asubuhi ya baridi itaingia ukungu ndani na hutaufuta. Shemeji nimempelekea ya 8x42. Ile ya 10x42 duka limekataa kuipokea, linasema imetumika. Inauzwa. Anayeitaka aje na pesa taslimu, na aje mchana.