Barua ya wazi kwa Mgeni Rasmi: tunaomba kusajiliwa kama farasi

Kwa: Mgeni Rasmi, popote alipo njiani
Kupitia: Kamati ya Maandalizi
Nakala: Mshereheshaji, mgambo wa zamu

YAH: OMBI LA WATAZAMAJI KUSAJILIWA KAMA FARASI WA MASHINDANO

Mheshimiwa, itifaki imezingatiwa.

Tunaanza na maneno hayo kwa sababu tunayafahamu kuliko wimbo wowote. Tumeyasikia kwenye fainali za kombe la kata, kwenye mapokezi ya Mwenge, Nane Nane, Sikukuu ya Uhuru na mahafali ya shule, na mara zote tumeyasikia tukiwa wima. Ratiba husema saa tatu asubuhi. Saa tatu tunakuwapo, kwa kuwa mtendaji wa kijiji amesisitiza. Saa nne tunatangaziwa kwamba msafara uko karibu. Saa tano tunaambiwa tusogee nyuma ya kamba, tufanye mistari, tutabasamu. Saa sita na nusu magari yanaingia na vumbi lake, timu zinakaguliwa, halafu unaanza utambulisho wa meza kuu, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja anasimama, anapunga mkono na kukaa. Huko jukwaani kuna turubai, viti vyenye vitambaa, maji ya chupa na shada la maua ya plastiki. Tunaomba Mheshimiwa ulitafakari shada hilo. Halinyauki, halina kiu, halipati kizunguzungu, na bado lina kivuli. Sisi tuna kamba.

Hatulalamikii jua. Jua ni la Mungu, na sisi watu wa vilima vya Karagwe na Kyerwa tungeona aibu kulalamikia joto mbele ya ndugu zetu wa Dodoma. Tunalalamikia mahali jua linapokoma. Huwa linakoma kwenye ukingo wa turubai, sawasawa na pale orodha ya waalikwa inapoishia. Kivuli kimekuwa na ngazi zake kama mshahara, na sisi ambao tunaitwa wenye nchi kwenye aya ya kwanza ya kila hotuba hatumo hata kwenye ngazi ya chini. Tumejaribu kuomba kama wananchi, haikusaidia. Tumeomba kama wapiga kura, tukaahidiwa. Kwa hiyo tumetafuta kundi ambalo waandaaji wa mashindano duniani hulihudumia bila kuombwa, na tumelipata. Tunaomba kusajiliwa kama farasi.

Tunajua farasi hawakuwahi kuzoea nchi hii. Mbung'o wa mapori ya Burigi hawakuwa na itifaki kwa mnyama yeyote mgeni, na hadi leo mtoto wa Bweranyange humjua farasi kwa picha. Lakini kuzijua kanuni za mashindano ya farasi ya kuruka viunzi hakuhitaji uwe umempanda. Mchezo huo umo kwenye Olimpiki, viunzi vyake hufika mita 1.60 na zaidi, na umekuwa na shirikisho lake la kimataifa tangu 1921. Katika mchezo huo farasi ana pasipoti. Ina maelezo yake, rangi yake, alama zake na chanjo alizochanjwa. Daktari humkagua kabla ya kuruhusiwa kushindana, na akionekana anachechemea, hachezi, hata kama mwenye farasi ana cheo gani. Michezo ya Atlanta ya 1996 ilipokaribia, wataalamu walitumia muda mrefu kuchunguza jinsi joto na unyevu vinavyomdhuru farasi, na siku ilipofika uwanja ukawekwa feni kubwa zinazorusha ukungu wa maji ili wanyama wapoe. Tokyo, kwenye michezo iliyofanyika 2021, mabanda yalikuwa na viyoyozi na mashindano ya kuruka yakapangwa jioni, chini ya taa, ili jua lisimkute farasi kazini. Na kwa sababu ya korona, watazamaji hawakuruhusiwa kuingia kabisa. Mheshimiwa, sisi hatukushangaa. Farasi ndani, watu nje: huo ndio mpango tunaoujua, isipokuwa huko Japani walikuwa na sababu.

Sasa turuhusu tukueleze jinsi ombi letu litakavyotekelezwa, maana tumelifikiria kwa upendo. Asubuhi ya shughuli, kila mtazamaji atafika uwanjani na pasipoti yake. Daktari atamtazama miguu, atamtembeza hatua chache kwenye sakafu ngumu, kisha ataandika: anafaa kusimama dakika thelathini, asizidishe. Bibi wa miaka sabini ataandikiwa dakika sifuri na kupelekwa kwenye banda lenye majani makavu, ambayo hata kama ni ya migomba hatutakataa. Kila kumi kati yetu watapewa mtunzaji mwenye ndoo na sponji, wa kutuloweka shingo kila risala inapofika ukurasa wa tatu. Maji yatakuwa mbele yetu muda wote, bila mtu kuuliza tumetoka kijiji gani. Ikibidi tupimwe joto, tunaomba jambo moja tu litofautiane na kanuni: farasi hupimwa sehemu ambayo barua ya heshima haiitaji, sisi tutaomba kwapani. Na jioni, shughuli ikiisha, tupakiwe kwenye gari lenye mkeka wa kuzuia kuteleza na dereva aliyeagizwa akate kona polepole, kwa kuwa mzigo ni wa thamani. Tumeyapitia haya yote mara kadhaa tukiwa nyuma ya kamba. Yanapunguza kiu kidogo.

Kuna mengine madogo. Choo. Vipaza sauti vigeuzwe vitutazame sisi, kwa kuwa meza kuu wameshaisoma hotuba. Mgambo aache fimbo nyumbani. Watoto wa halaiki wacheze kwanza, wasimalizie siku wakiwa wamesinzia kwenye vumbi na rangi usoni.

Kisha kuna kengele. Hili tunaliomba kwa sauti ya chini, kwa kuwa linakuhusu wewe mwenyewe. Katika kuruka viunzi, mwamuzi hupiga kengele, na mpanda farasi anakuwa na sekunde 45 za kuanza. Zikiisha, saa ya mashindano inaanza kuhesabu, awe ameanza au bado anarekebisha kofia. Hakuna anayeuliza kama msafara wake ulisimama mahali kunywa chai. Tunapendekeza kengele ya namna hiyo kila uwanja wa wilaya, ipigwe saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Mgeni Rasmi akiwapo, vizuri. Asipokuwapo baada ya sekunde 45, mpira uanze, ng'ombe wa maonesho wapite, watoto wacheze, na yeye atakuta shughuli ilipofikia kama sisi tunavyoikuta hotuba. Tunasikia jibu linakuja: Mgeni Rasmi ana majukumu mengi. Ni kweli. Lakini hata mama aliyeacha kahawa juani na mgonjwa ndani ana majukumu, na yeye alifika saa tatu.

Wapo watakaosema tunajidhalilisha kwa kujifananisha na mnyama. Wanaosema hivyo hawaijui Bweranyange. Hapa ndipo palipokuwa na ikulu ya Omukama Rumanyika, na miongoni mwa hazina zake zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mnyama aliwekwa karibu na kiti cha enzi. Hatuoni aibu kuomba nafasi iliyo umbali wa mita ishirini kutoka kiti cha plastiki. Wengine watasema farasi anastahili huduma kwa kuwa ana kipaji, anaruka. Tunakubali kipimo hicho. Rekodi ya dunia ya farasi kuruka juu ni mita 2.47, iliyowekwa na Huaso huko Chile mwaka 1949, na haijavunjwa. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliandika kwamba mwaka 1907 alimwona kijana akiruka mita 2.50, akianzia kwenye kichuguu kidogo. Kama kivuli kinagawiwa kwa urefu wa mruko, binadamu wa ukanda huu anaongoza kwa sentimita tatu. Mkisema kichuguu kihesabiwe, tutakubali turubai letu lipunguzwe kwa kiasi cha kichuguu.

Hoja nzito zaidi ni ya bajeti, na tunaiheshimu. Turubai ni ghali, watu ni wengi. Lakini angalia ni mangapi kati ya tunayoyaomba yana bei. Kuanza kwa wakati hakununuliwi. Kufupisha utambulisho kunapunguza gharama ya mafuta ya jenereta. Mti uliopandwa pembeni ya uwanja mwaka uwanja ulipopimwa ungekuwa unatufunika leo bila kudai posho. Kisichokuwapo ni fedha ya kivuli chetu, na kila mwaka fedha ya kivuli chenu haijawahi kukosekana, kwa hiyo tumejifunza kwamba bajeti nayo hujua kuchagua. Vilevile kuna gharama ambazo hazimo kwenye bajeti yoyote. Farasi huingizwa uwanjani mmoja mmoja, kwa zamu, njia ikiwa wazi mbele yake. Watu husukumwa kwenye lango moja. Machi 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu waliokwenda kumuaga Rais wao walikanyagana, na Polisi ikatangaza kwamba 45 walikufa. Arobaini na watano. Walikwenda kusimama kwenye foleni kwa heshima. Hakuna mashindano ya farasi duniani ambayo yangepoteza wanyama 45 kwa siku moja na mwaka uliofuata yakaendelea kupanga watu vilevile, kwa kamba na fimbo na maneno ya "sogeeni, sogeeni".

Utuwie radhi, Mheshimiwa. Tulikuwa tunazungumzia farasi.

Imebaki hoja ya mwisho, ile inayotolewa kwa tabasamu: hamkulazimishwa kuja. Tunaomba tuijibu kwa makini, kwa sababu humo ndimo ilimo siri ya jambo lote. Farasi wa mashindano hatunzwi kwa sababu watu wanampenda kuliko sisi. Anatunzwa kwa sababu anaweza kukataa. Akifika kwenye kiunzi akasimama, hakuna hotuba itakayomvusha. Mwandaaji huandaa vizuri kwa ajili ya yule ambaye akigoma shughuli inaharibika, na hupanga nyuma ya kamba yule ambaye atakuja tu. Ushahidi uko kwenye historia yetu wenyewe. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, na Omukama alimpokea mara moja, akamshika mkono, akaketi naye wakaongea. Aliishi huku zaidi ya mwezi. Kisha akaenda Buganda, na Februari 1862, siku ya kuonana na Kabaka Mutesa, akaambiwa akae chini juani asubiri. Alitoa dakika tano. Zilipopita, akafunga safari ya kurudi kambini. Watu wakubwa wa ikulu walimkimbilia wakimsihi arejee, na aliporejea aliruhusiwa kuja na kiti chake mwenyewe. Tunapenda kuamini kwamba alijifunza hapa Karagwe jinsi mgeni anavyopokelewa, ndipo akashindwa kuvumilia kwingine.

Lakini Speke alikuwa na bunduki na mizigo ya zawadi. Mama wa Bweranyange akigeuka na kurudi nyumbani baada ya dakika tano, hakuna atakayemkimbilia. Jina lake litaandikwa. Mwalimu akiwarudisha wanafunzi darasani, ataitwa kujieleza. Mwenye duka asipofunga, atakumbukwa siku ya leseni. Hiyo ndiyo maana ya "hamkulazimishwa" kwa Kiswahili cha ofisini. Tumeufanya uvumilivu wetu kuwa wa bure, na kitu cha bure hakitafutiwi kivuli. Ndiyo sababu hatuombi turubai peke yake. Turubai mnaweza kuleta mwaka mmoja, wa uchaguzi, na kuliondoa. Tunaomba hadhi ya farasi kamili, pamoja na haki yake ya kusimama mbele ya kiunzi na kukataa.

Na kanuni ya kukataa ni nzuri sana, Mheshimiwa, tunakuomba uisome ukiwa njiani. Farasi akikataa mara ya kwanza, inahesabiwa makosa manne, na anapewa nafasi nyingine. Akikataa mara ya pili, mashindano kwao yameisha. Hakuna anayepigiwa kelele wala kuandikwa jina. Kengele inalia, na wanatoka uwanjani wote wawili: farasi, na aliyekuwa amekaa juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi watazamaji,
Bweranyange, Karagwe, pamoja na jirani zetu wa Kyerwa
(Imeandikwa tukiwa tumesimama.)