Namna ya Kusafirisha Gari la Pili Huku Tayari Unavuta Nyumba

Kwanza hakikisha kwamba shida unayo kweli. Mwenye basi la kuishi, lile lenye injini na usukani wake, ana sababu ya kuburuta kigari nyuma: akishaegesha, hawezi kwenda kununua maziwa huku kitanda, jiko na choo vikiandamana naye. Wewe ulinunua trela. Trela huvutwa na pikapu, na likishafunguliwa kambini, pikapu linabaki huru kwenda popote. Gari la kutembelea unalo tayari. Mtu mwenye haraka angeufunga mwongozo huu hapa.

Wewe huna haraka. Ulianza na trela dogo la watu wawili. Mkeo akasema bafu ni finyu (au ulisema wewe, ukamsingizia yeye), mkachukua kubwa, lile ambalo shingo yake hukaa juu ya bodi la pikapu na vyumba vyake huchomoza ubavuni. Pikapu la zamani likashindwa kulivuta, ukanunua Ford F-350 ya dizeli, tairi nne nyuma, urefu zaidi ya mita 6. Sasa pikapu hilo halienei kwenye maegesho ya duka la dawa. Ndiyo maana Corolla iliyokuwa ibaki nyumbani, ambayo haijawahi kumuudhi mtu, imeonekana haina budi kusafiri nanyi.

Tuseme umestaafu mjini Minneapolis, baada ya miaka mingi ya zamu za usiku na barafu ya kukwangua kwenye kioo cha gari. Umeamua kufanya kama wazee wa Minnesota na Iowa: baridi ikinusa mlangoni, wao huteremka hadi bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas mpakani na Mexico, wakakaa huko mpaka theluji iyeyuke kwao. Wenyeji huwaita Wateksasi wa Majira ya Baridi na huwapokea vizuri, maana wanakuja na pensheni zao na hawagombei kazi na mtu. Barabara karibu yote ni moja, I-35: Des Moines, Kansas City, Wichita, Oklahoma City, Dallas, San Antonio, kisha unaiacha na kuendelea kusini hadi McAllen. Ni zaidi ya kilomita 2,300, kama Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi, ila huko hakuna wa kukupitishia mahindi ya kuchoma dirishani.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo itakayoshinda hata tukizungukazunguka vipi, ni mkeo aendeshe Corolla nyuma yako. Uzuri wake uko kwenye hesabu. Kaa mezani na kalamu. Corolla itakunywa lita 180 hivi za petroli. Dereva: bure. Chakula cha dereva: hata nyumbani angekula. Uchovu wa dereva: daftari halina safu yake. Hakuna kampuni Marekani nzima inayoweza kushindana na bei hiyo, na ukiwasimulia wanaume wenzako kambini watatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu kila mmoja amepiga hesabu hiyohiyo.

Angalizo: usimwombe. Ukiomba, umefungua kikao. Mpe kama zawadi. Mwambie, "Mama Neema, wewe kila siku unalalamika kwamba nakukatiza mahubiri yako. Sasa nimekupa siku nne za kuyasikiliza peke yako." Akikujibu, "Na nikisinzia je, Baba Neema?" mwambie utakuwa unampigia honi. Usieleze jinsi mtu aliye mbele anavyomwona aliye nyuma akisinzia, wakati kati yao kuna nyumba.

Mwendo utakuwa wa polepole. Tairi nyingi za trela zimeundwa zisizidi maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, ilhali sehemu kubwa za barabara za Kansas na Texas zinaruhusu 75. Kwa hiyo Mama Neema atapitwa na kila kitu, pamoja na malori, huku macho yake yakitazama ukuta mweupe wenye ngazi na namba ya usajili. Mpe redio ya mkononi, maana simu inapoteza mtandao pale unapoihitaji. Ukitaka kuhama njia, yeye ndiye atakayehama kwanza, aizuie hiyo njia nyuma yako, kisha akuambie, "Hama sasa." Upepo wa Oklahoma ukianza kulisukuma trela kwa ubavu, yeye ndiye atakayeona mkia ukitikisika kabla wewe hujausikia kwenye usukani, naye atakwambia upunguze mwendo. Taa ya breki ikizimika ataijua yeye. Tairi la nyuma likipungua upepo, yeye. Ukifika salama utasema umeendesha vizuri.

Kwenye mafuta, wewe huwezi kuingia kituo chochote tu. Utatafuta vile vya malori, kama Love's au Pilot, penye nafasi ya kugeuza. Ukishaingia Texas utakutana na Buc-ee's, kituo chenye pampu nyingi mno na vyoo ambavyo watu huvisifia kwa majina, ambako malori makubwa hayaruhusiwi ila trela lako linaruhusiwa. Corolla, kwa upande wake, inaingia popote. Kutokana na hilo, Mama Neema pia ndiye atakayekwenda kununua chakula mjini, dawa, na lile bomba la maji ulilolisahau. Hiyo nayo haimo kwenye daftari.

Njia ya pili ni ya wale wanaotaka mke akae kiti cha abiria, aonekane: pikapu mbele, trela katikati, Corolla nyuma ya trela, treni kamili. Inapendeza kuchora. Kabla ya kununua vyuma, soma sheria. Kuvuta viwili kwa mpigo kuna majimbo yanayokubali kwa masharti, Texas ikiwa mojawapo, na kuna yasiyotaka kusikia, kama Florida. Safari yako inakatiza majimbo sita, na kila moja lina futi zake. Chukua kikomo cha futi 65, ambacho si kigeni kwingi, yaani chini kidogo ya mita 20. Pikapu lako, trela la mita 11, chuma cha kuungia na Corolla vinakaribia mita 22. Utakuwa umevunja sheria hata kabla hujatoka uani kwako.

Lipo pia suala la giaboksi. Corolla ya otomatiki haiburutwi ikiwa na tairi zote nne chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ndani ya giaboksi haizunguki, vyuma vinasagana vikavu, na utafika McAllen na gari linalopendeza kwa nje. Magari yanayovumilia kuburutwa hivyo yapo. Jeep Wrangler ndilo kipenzi cha watu wa kambi, maana gia yake ya kugawa nguvu huwekwa huru na magurudumu yakazunguka bila kudai kitu. Honda CR-V nayo ilisifika, ila iwe ya kabla ya 2015. Mfuatano wenyewe unajionyesha: trela lilikununulisha pikapu, pikapu likakufanya ubebe Corolla, na sasa Corolla inakutuma ukanunue Jeep. Watu wamefilisika kwa sababu ndogo kuliko hizo, lakini wachache wamefilisika wakiwa na mandhari nzuri namna hii.

Kuhusu rivasi sina mengi. Treni yenye viungo viwili hairudi nyuma kwa matakwa ya dereva; inajikunja popote inapotaka. Ukiingia kimakosa barabara isiyo na mlango wa pili, utafungua Corolla palepale katikati ya mtaa, mkeo aiondoe, ndipo ugeuze trela huku watu wakikurekodi. Na kule Kansas, ushuru wa barabara unahesabiwa kwa ekseli. Hesabu zako.

Njia ya tatu ni kumlipa mtu. Utaingia kwenye mtandao, utakuta fomu inayokuahidi bei papo hapo, utaandika namba yako ya simu, na kabla maji ya chai hayajachemka simu italia. Itaendelea kulia wiki nzima. Wengi wanaokupigia hawana lori, ni madalali. Dalali huitundika Corolla yako kwenye ubao wa mtandaoni ambako wenye malori huchagua mizigo, na mwenye lori si mjinga: huchukua inayolipa. Aliyekutajia bei ya chini kuliko wote ndiye utakayempa kazi, nayo hiyo bei ya chini ndiyo itakayoiacha Corolla uani tarehe ya kuondoka ikipita. Atakupigia kwa sauti ya msiba akuambie soko limebadilika, tuongeze dola mia mbili. Utaongeza, kwa sababu trela limeshapakiwa na friji yake inaunguruma.

Sheria ya huko, kusema kweli, imejaribu. Dalali anatakiwa awe amesajiliwa na mamlaka ya serikali kuu inayosimamia malori, FMCSA, na awe ameweka dhamana ya dola 75,000. Namba yake ya usajili unaweza kuiangalia bila malipo. Fanya hivyo kabla ya kulipa, halafu ulipe uleule wa bei ya chini, kama ulivyokuwa umekusudia.

Lori lenyewe ni la ghorofa mbili, linabeba magari manane au tisa, na haliwezi kuingia mtaani kwenu. Mtakutana kwenye uwanja wa duka kubwa saa ambayo itabadilika mara kadhaa. Acha robo tangi ya mafuta. Lipige gari picha kila upande, na hati ya mzigo usiisaini mpaka mikwaruzo yote ya zamani iandikwe. Ndani lisiwe na kitu. Vyombo vya nyumbani havihusiki na bima yao. Hili utalipuuza. Utajaza buti kwa unga, sufuria kubwa na lile blanketi zito, kwa kuwa nafasi tupu ni dhambi. Dereva anaweza kuwa mtu wa Eldoret au Mbeya, maana watu wetu wengi wa huko wanaishi kwa usukani. Mtasalimiana vizuri, mtaulizana habari za nyumbani, mtagundua jamaa mnayemfahamu wote. Bei itabaki palepale, na sufuria atakwambia uitoe.

Zipo njia nyingine. Trela lenye gereji ndani lipo, ila gereji nyingi zimepimwa kwa pikipiki na Corolla itataka kitanda kitolewe. Dereva wa kukodi yupo, ukimlipia na nauli ya kurudi. Unaweza pia kuiacha Corolla Minneapolis na kukodi kigari huko Texas, au kununua baiskeli, au kuegesha lile pikapu mbali kidogo na duka la dawa na kutembea hatua mia mbili ambazo daktari amekuagiza kila mwaka. Hizi nazitaja kwa kupita, kwani hazina hadithi ya kusimulia kambini.

Kwa hiyo ataendesha Mama Neema. Siku ya pili, mahali fulani kusini mwa Wichita, atachoka kutazama ngazi, atasema kwenye redio, "Tutaonana huko," na Corolla itakupita. Utamkuta kambini ameshaoga, amepika, amejuana na majirani watatu, na ameketi nje akisubiri kukuelekeza uingize trela, jambo ambalo mtalifanya kwa kelele.

Machi mkianza kupanga safari ya kurudi, usishangae akikupa bei. Itakuwa dola 500, hoteli juu yako, hakuna redio, nusu inalipwa kabla ya kuwasha gari. Usimpigie mahesabu ya petroli. Msimu huo Wateksasi wote wa Majira ya Baridi wanarudi kaskazini kwa pamoja, malori yamejaa, na dalali aliye na nafasi anataka mara mbili ya hizo.