Ndizi Tatu za Baba Waugh

Evelyn Waugh, mwandishi wa Uingereza, aliingia Ukatoliki mwaka 1930, kisha akajaliwa watoto saba. Mmoja alifariki akiwa mchanga. Brideshead Revisited, riwaya iliyosheheni neema ya Mungu, aliiandika mwaka 1944 hotelini Chagford, mbali na vilio vya wanawe. Neema nayo hutaka utulivu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndizi zilikuwa adimu. Auberon, mwanawe, alisimulia kwamba zilipopatikana tatu kwa ajili ya watoto, baba alizimenya, akazitia krimu na sukari, akazila zote mbele yao.

Alipoulizwa ni Mkatoliki gani mwenye roho mbaya hivyo, alijibu kuwa bila dini angezidi.