Shangazi wa Gereji: Pikapu Inayolalia Upande

Wiki hii mfuko wa barua umejaa pikapu. Wenye matatizo ya mapenzi wavumilie. Mapenzi hayana chesisi ya kupasuka.

*Shikamoo Shangazi. Nina Hilux ya 1994 niliyorithi kwa baba mdogo. Nyuma inalalia kushoto hata ikiwa tupu. Mke wangu anasema ni mama yangu, maana tukienda shamba hupenda kukaa nyuma, upande huohuo. Nisaidie kabla nyumba haijavunjika. — Katikati ya Wawili, Makambako*

Marahaba, mwanangu. Mwache mama akae anapopenda. Pikapu ile iliundwa kwa kazi ya mizigo, na hakuna mama mkwe aliyewahi kulaza springi yake peke yake, hata wa Makambako.

Shusha kila kitu kilichomo kwenye bodi, pamoja na lile gunia la mkaa ulilolisahau tangu Pasaka. Tafuta sakafu ya zege iliyonyooka. Kituo cha mafuta kinafaa. Tairi zote mbili za nyuma ziwe saizi moja na upepo uleule. Halafu chukua futi kamba. Usipime kuanzia chini, utakuwa unapima tairi. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, uandike. Ingia chini, pima kutoka juu ya ekseli hadi chesisi, pande zote mbili, uandike tena.

Tofauti ya sentimita moja hivi isikunyime usingizi. Ikizidi hapo, linganisha vipimo vyako. Madigadi yakipishana lakini chesisi iko sawa juu ya ekseli, springi haina kosa: raba za bodi zimeoza, au gari liliwahi kugongwa na baba mdogo akaona si lazima ujue. Vipimo vyote vikipishana upande mmoja, endelea.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mafundi wengi huruka. Gari linaweza kuinama nyuma kwa kosa la mbele. Chesisi ni ngumu. Kona moja ya mbele ikishuka, inavuta na za nyuma. Weka mawe kwenye tairi za nyuma, halafu nyanyua mbele kwa jeki moja iliyokaa katikati kabisa ya mtambuko wa chesisi, mpaka tairi za mbele ziachane na ardhi. Mtu asiingie chini. Simama nyuma utazame. Nyuma ikinyooka, mkosaji yuko mbele, na kama Hilux yako ina vile vyuma virefu vya kujisokota badala ya springi, huenda vinahitaji kurekebishwa tu kwa spana. Ikibaki imelala, kosa ni la nyuma.

Likiwa la nyuma, lishushe gari, chukua brashi ya waya na tochi. Safisha springi ya kushoto, uikague bapa moja baada ya jingine. Mpasuko hupenda kujificha pale katikati, kwenye tundu la sentabolti, chini ya yubolti, ambako tope limejaa na jicho halifiki. Ukiona mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaokata bapa, umempata. Ukiona bapa limesogea na kuacha alama inayong'aa mahali lilipokuwa, sentabolti imekatika. Kagua shakeli na bushi zake, kisha chesisi yenyewe pale springi inaposhikiliwa. Kutu ikila hapo, springi mpya haitakusaidia kitu.

Na kuna jambo jingine, kwa wale ambao pikapu zao zinalalia upande wa dereva. Kwenye baadhi ya pikapu za zamani, springi ya upande wa dereva hutengenezwa ikiwa na upinde zaidi kidogo, ili kubeba uzito wa dereva. Aliyewahi kuzishusha akizirudisha kulia kushoto, gari litalala upande wa dereva likiwa na springi nzima kabisa. Muulize aliyekuuzia nani alikuwa fundi wake.

*Shangazi, nimebadilisha shokomzoba za nyuma, na bado gari limelala. Fundi anasema ninunue nyingine, zile za awali zilikuwa feki. — Mfuko Mtupu, Mbagala*

Huenda ni feki kweli, lakini hata zingekuwa za dhahabu gari lingelala vilevile. Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza springi isidunde. Zing'oe zote mbili, na kimo cha gari hakitabadilika kwa kiasi utakachokiona. Badilisha fundi kwanza.

*Shangazi, mimi nalima vitunguu Mang'ola. Springi ya kulia ilichoka, fundi akaongeza mabapa mawili upande huo tu. Sasa gari limenyooka likiwa tupu, lakini likibeba linayumba, na breki zimekuwa za kusali. — Mkulima Mwenye Haraka*

Mwanangu, mabapa hayo yatoke. Sasa una upande mmoja mgumu na mmoja laini, kwa hiyo kila gunia linaloingia linalaza gari kuelekea upande ulio laini.

Habari ya breki ndiyo iliyonitoa jasho. Chungulia karibu na ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye ekseli na kwenda kwenye vali iliyofungwa juu, kwenye chesisi. Fimbo hiyo ndiyo inayoiambia vali gari limebeba kiasi gani: nyuma ikishuka, breki za nyuma hupewa nguvu zaidi, ikipanda, hupunguziwa. Fundi wako amelinyanyua gari kwa mabapa, na vali inaamini uko mtupu hata ukiwa na magunia hadi juu ya keria. Breki za mbele zinafanya karibu kazi yote kwenye mteremko.

Nunua jozi nzima ya springi. Kupinda ya zamani kwa nyundo kutakupa kimo cha msimu mmoja, na anayeipasha moto bila kujua kuirudishia ugumu wake anakuuzia bapa la kutengenezea jembe. Yubolti ziwe mpya pia. Bolti za shakeli zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo raba za bushi zitasokoteka na kuchanika mapema. Baada ya safari chache za mzigo, rudi ukaze yubolti tena, umwombe fundi aweke ile vali sawasawa.

*Shangazi, nataka kununua pikapu ya mtu. Imelalia kulia. Muuzaji anasema ni kwa sababu tanki limejaa dizeli. — Mnunuzi, Tanga*

Lita 50 za dizeli hazifiki kilo 45. Kama kilo hizo zinalilaza gari hivyo, muulize siku zote lilikuwa likibebaje saruji. Mwombe aliegeshe upya mahali utakapochagua wewe, na utazame chini ya tairi zote nne kama hakuna tofali. Kisha mkatie bei ya springi mbili, si moja.