Kidude cha Miguu Kumi na Sita

Nipishe hapo kwenye benchi, jirani. Chai sitaki. Leo nimekuja kulalamika tu, nikimaliza naondoka.

Kisima changu unakijua. Maji yana chumvichumvi, lakini ni maji, maana bomba la mtaani kwetu ukilifungua linakohoa. Basi nina pampu, nina tangi juu ya paa, na katika nyumba ile nina cheo kimoja: kuwasha na kuzima. Tangi likimwagika, ni mimi. Tangi likikauka na mtu ana sabuni machoni, ni mimi. Nimetukanwa kwa cheo hicho mpaka nikakizoea, nikakipenda. Sasa mpwa wangu, huyu kijana wa dada yangu aliyemaliza chuo, akaniangalia kwa huruma. "Mjomba," akasema, "kazi hii inafanywa na kidude kinachoingia mfuko wa shati." Mama watoto akasema sawa. Alisema haraka mno. Hakuna hata aliyejifanya kufikiria.

Kidude chenyewe kinaitwa ESP32. Ati ni kompyuta nzima, kina WiFi, kina ubongo wa vyumba viwili. Mimi nikasema vizuri, kama kina ubongo hivyo, basi kifungeni kwenye pampu tukalale. Wakacheka. Yule wa darasa la nne naye akacheka, na wallahi hajui alichocheka.

Kumbe kidude hakina nguvu. Ubongo wote ule, mkono hakuna. Pini yake inatoa volti 3.3, na ukikihurumia unaichota miliampea 20 hivi. Ukifika 40 umekiua. Pampu yangu inakula stima ya volti 240. Hata ile rilei ya bluu, ile ya Songle inayouzwa kila duka la spea za redio, ya volti 5, koili yake ina ohm 70 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Inataka miliampea 70 na ushee ndiyo ibane. Pini haiwezi. Ukilazimisha, inajaribu, inaungua, na lawama unajua zinakuja nyumba gani.

Kwa hiyo kati ya kidude na pampu lazima wakae watu. Ni mambo ya barua ya chifu. Wewe huendi tu kwa chifu ukamgongea. Unaanza na mzee wa mtaa, mzee wa mtaa akupeleke kwa naibu, naibu akufikishe kwa chifu, na kila mmoja anaongeza sauti mpaka neno lako linatoka na mhuri. Pini inanong'ona kwa chipu. Chipu inaiamrisha rilei. Rilei inaiamrisha kontakta, lile lidude zito la mafundi wa stima. Kontakta ndiyo inayoigusa pampu. Hapo kwenye kontakta nilibisha. Rilei imeandikwa mgongoni ampea 10, pampu yangu ya hospawa moja ikishatulia haifiki 6. Sasa wasiwasi wa nini? Kijana akasema mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hizo kwa nukta moja, na vile vibati vya ndani ya rilei vinaweza kuungana kwa cheche, visiachane tena. Kidude kinasema zima, rilei inasema ndiyo bwana, pampu inaendelea kusukuma mpaka Idi. Nikanyamaza. Nikatoa pesa ya kontakta.

Ile chipu ya katikati, mzee wa mtaa, ndiyo iliyonitesa.

Nikaandikiwa karatasi. Mtu mzima, naandikiwa karatasi ya dukani. Nikapanda gari, tukavuka daraja la Sabaki, nikafika Malindi jua la utosi. Muuzaji ni kijana wa miwani. Karatasi hakuitazama, alinitazama mimi. "Mzee, unaendesha nini?" Sijui. "Koili ya volti ngapi?" Nimetumwa. "Ishara yako ni ya ngapi?" Mwanangu, nimekwambia nimetumwa. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Akanionea huruma, akatoa kidude cheusi chenye kisogo cha bati. IRFZ44N. "Hii mosfeti inabeba ampea 49," akasema. Nikaipenda papo hapo. Ampea 49! Nikampigia mpwa nimweleze nimepata jitu. Simu yangu spika yake ya sikioni ilikufa, ni lazima niweke ile ya nje. Duka zima likasikia: "Mjomba, usithubutu! Hiyo inaamka vizuri ikipewa volti 10, sisi tuna 3.3!" Tukairudisha. Akataka kunipa 2N7000, ndogo, ya adabu. Simu ikapiga kelele tena: ati hiyo nayo nyingine zinaanza kufunguka zikifika volti 3 kamili, kwa hiyo ikipewa 3.3 huna uhakika nayo. Basi mwanamama mmoja kwenye foleni, amekuja kununua rimoti tu, akaniambia pole baba. Pole ile iliniuma kuliko kelele.

Tukarudi kwenye karatasi. ULN. Muuzaji akafungua kiboksi. "Nina 2003 na 2004. Bei moja."

Sasa jirani, wewe ni mtu wa akili. Umewahi kununua Probox. Ukiambiwa ipo ya 2003 na ipo ya 2004, bei moja, unachukua ipi? Nikachukua 2004. Nikatembea kifua mbele mpaka steji.

Nyumbani kijana akaishika, akaisoma, akaiweka mezani taratibu, akajifuta uso. Ati si mwaka. Ati kila njia ya chipu ina rezista pale mlangoni. Ya 2003 ina ohm 2,700, ilipimiwa vidude vya volti 5 lakini hata 3.3 yetu inaisukuma. Ya 2004 ina ohm 10,500, kwa sababu imekusudiwa ishara za volti 6 mpaka 15. Ukiipa 3.3 inaweza kushika, inaweza kugoma, na aliyeitengeneza hakukuahidi kitu. Tuliijaribu. Mezani ikashika, tukashangilia, tukaipandisha kule kwenye tangi, ikagoma. Mimi mpaka sasa nasema 2004 ni mpya kuliko 2003, na hakuna aliyenijibu hoja hiyo. Nilichojibiwa ni karatasi nyingine, ile 3 imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Hata nilipoileta ile yenyewe, ULN2003A, miguu kumi na sita, raha haikuja. Ndani yake kila njia ina transista mbili zimebebana. Ufundi huo wa kubebana ni wa Mmarekani mmoja, Sidney Darlington wa Bell Labs, alipata hataza yake 1953. Ya kwanza inakuza, ya pili inakikuza kilichokuzwa, ukija kuangalia ni mara elfu na zaidi. Pini inatoa hata miliampea moja haitimii, na upande wa pili rilei inapata zake 70 bila kelele. Chipu inahimili mpaka volti 50. Nikasema, huyo ndiye mzee wa mtaa.

Lakini mzee wa mtaa hakosi kitu kidogo. Chipu hii inakula karibu volti 1 njiani. Tulikuwa tunatumia chaja ya simu, volti 5. Waya mrefu wa kupanda paani ukala kidogo. Chipu ikala yake. Rilei ikaletewa nne kasoro, nayo inataka robo tatu ya tano, yaani 3.75, ndiyo ibane. Siku njema inabana. Siku mbaya inakutazama. Kijana akasema kama tungekuwa na ile ya Toshiba, TBD62003A, miguu ileile, mpangilio uleule, ndani wameweka mosfeti badala ya transista za kubebana, isingekula karibu chochote. Aliisifu mpaka chakula kikapoa. Nikaiulizia Malindi. Muuzaji akaniuliza kama ni dawa ya presha.

Na ndiyo jambo linalonichosha. Vitu vyenyewe vinapita kwetu vikienda kwa watu. Nenda pale kwenye lile kaburi letu la mnara, uone bakuli za kaure za Kichina zilivyopachikwa. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China wamechimba hapahapa Mambrui wakatoa sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyetawala 1402 mpaka 1424. Miaka mia sita Mchina analeta mzigo Mambrui, na mimi chipu ya Toshiba nasubiri mtu atoke Luthuli, Nairobi, aniwekee kwenye basi.

Tena usinianzishie habari ya Ngomeni. Hapo tu juu ya Gongoni, unapita mashamba ya chumvi umefika. Tarehe 12 Desemba 1970, Wataliano wa San Marco wamesimama baharini juu ya vyuma vyao, wakairusha satelaiti ya Wamarekani ya kupima eksirei za nyota. Ikapewa jina Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku yetu ya uhuru. Ikafika angani, ikafanya kazi miaka. Mimi nataka maji yafike juu ya paa. Paa lenyewe ukiruka unaligusa.

Mwisho kijana akaamua tubadilishe rilei. Tuchukue ya volti 12. Ya 12 koili yake ni ohm 400, inakula miliampea 30 tu, na chipu ikiiba volti yake moja zinabaki 11, wakati rilei inaridhika na 9. Hesabu hiyo niliiweza mwenyewe, nikaitaja kwa sauti. Hakuna aliyepongeza. Nikauliza volti 12 tunazitoa wapi. Wote wakageuka wakatazama betri ya sola. Betri ya redio yangu. Ile ninayosikilizia mpira. Haikupigwa hata kura.

Ikafungwa. Ikawaka! Pampu ikanguruma, maji yakapanda, mama watoto akapiga kigelegele. Tangi likajaa, rilei ikaachia, pampu ikazima. Na kidude nacho kikazirai. Kikaanza upya, kikapima maji, kikatulia. Pampu ikiwaka, sawa. Ikizima, kinazirai. Wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimeigusa meza. Nimeigusa meza, jirani! Usiku kucha kijana kainamia bodi, mimi nimekatazwa hata kusogeza kiti. Asubuhi akagundua. Koili ukiikatia umeme ghafla haikubali, inarudisha kishindo cha volti nyingi kwa nukta ndogo. Chipu ina daiodi za kukimeza kishindo hicho, moja kwa kila njia, zote zimekutana kwenye mguu wa tisa. Mguu wa tisa unatakiwa ufungwe kwenye ileile 12 inayolisha rilei. Yeye aliuacha unaning'inia hewani. Akaufunga kimyakimya. Mimi nilingoja samahani ya ile meza. Nililetewa uji.

Kwa haki, sasa inafanya kazi. Bodi tumeifungia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, maana upepo wa bahari hapa waya wa shaba ukiuacha wazi unaota ukijani hata hujamaliza kujisifu. Na ukiniuliza mimi, mtu asiyejua kitu, nitakwambia chukua 2003 na rilei ya 12, achana na mengine. Kama ni rilei moja tu na huna haja ya chipu, kijana anasema transista moja ya 2N2222, rezista ya ohm 470 mlangoni na daiodi ya 1N4007 mgongoni mwa koili zinatosha kabisa. Alinambia hivyo baada ya nauli zangu zote. Nikamuuliza mbona hakusema mwanzo. Akasema chipu ina njia saba, mjomba, tutazihitaji.

Kweli wamezihitaji. Ya kwanza ni pampu. Ya pili mama watoto kaipa taa ya uani. Ya tatu feni ya sebuleni, mama watoto tena. Ya nne taa ya chumba cha mpwa, azime akiwa kitandani bila kunyanyua mguu. Ya tano king'ora cha mlangoni. Ya sita balbu ya vifaranga, wasishikwe na baridi ya kusi. Ya saba imewekewa mama mkwe, ambaye hata hakai kwetu, akija asikose taa barazani. Nikasema na redio yangu je, maana betri mmeshaichukua, angalau iwe inajiwasha saa ya mpira. Wakahesabu tena kwa vidole. Saba zimekwisha. Vifaranga wamepata, mimi nimekosa. Mpwa akasema usijali mjomba, iko ULN2803, hiyo ina njia nane, miguu kumi na minane, mambo mengine ni yaleyale. Malindi nimeuliza hawana. Mpaka Mombasa. Na nauli, mama watoto amesema, kwa kuwa njia ya nane ni yangu peke yangu, nijitegemee.